Siku Mbili Lushoto, Kabla Msiba Haujatuita

 Mwezi huu naomba tuweke kando habari za chanjo, uji wa lishe na vidonda vya watoto. Nataka kuwasimulia safari fupi ya siku mbili niliyofanya mimi na baba watoto, tulipokwenda Lushoto, kule juu katika milima ya Usambara. Najua wengine mtauliza, muuguzi na matembezi wapi na wapi? Nawasihi msome hadi mwisho. Mtaona kwamba sikutoka nje ya kazi yangu hata kidogo.

Tumeoana miaka ishirini na miwili sasa. Jioni moja nilikaa nikahesabu safari zote tulizowahi kufanya pamoja, mimi na yeye, tangu siku ya harusi. Nyingi zilikuwa za misiba. Chache zilikuwa za harusi za ndugu. Mara mbili tulimpeleka mtoto shule ya bweni, na mara moja tulimfuata mama mkwe alipolazwa. Sikuikumbuka hata safari moja ambayo hakuna aliyekufa, hakuna aliyeoa na hakuna aliyeumwa. Nanyi wenzangu jaribuni kuhesabu za kwenu.

Sisi tunaishi Tanga mjini, na kwao mume wangu ni Upare, upande wa Same. Kila tunapokwenda huko basi husimama Mombo. Abiria hushuka, wengine wakanunua mahindi ya kuchoma, wengine maji, wengine wakatafuta choo. Ukisimama pale, mkono wa kulia unaiona milima imesimama kama ukuta, na wingu limekaa juu yake hata kama ninyi chini mnakauka kwa jua. Tangu tukiwa vijana baba watoto amekuwa akiitazama milima hiyo na kusema, "Siku moja tutapanda huko, mama." Kisha dereva anapiga honi, nasi tunaingia ndani na kuendelea na safari ya msiba.

Mara ya mwisho tulipita tukitoka kumzika kaka yake mkubwa, ambaye kiharusi kilimchukua akiwa na miaka hamsini na minne. Basi liliposimama Mombo mume wangu hakushuka. Alikaa dirishani akaitazama milima ile kimya, na maneno yake yale ya siku zote hakuyasema. Sikulala vizuri usiku ule.

Tungeazima nauli

Nilipofika nyumbani nikaanza kuweka fedha kidogo kidogo katika kikoba chetu cha akina mama wa kanisani. Baada ya miezi kadhaa mgao ulipotoka nikamwambia, "Baba, tunakwenda Lushoto. Ijumaa tunaondoka, Jumapili tunarudi."

Akashtuka. Kuna nani huko? Hakuna mtu. Kuna shughuli gani? Hakuna shughuli. Basi akaanza kunihesabia: ada ya shule, bati za jikoni zinazovuja, na watu watasema nini wakisikia watu wazima wameacha nyumba wakaenda kutazama milima. Nikamsikiliza hadi mwisho, kisha nikamwuliza, "Simu ingelia sasa hivi kwamba kuna msiba Same, nauli tungeipata au tusingeipata?"

Akanyamaza kidogo, halafu akacheka. "Tungeazima," akasema.

"Basi hii hatuazimi. Ipo."

Mdogo wangu alikuja kukaa na watoto. Kazini nilibadilishana zamu na mwenzangu, nikamlipa zamu mbili za usiku kwa zamu zake mbili za mchana. Nawaeleza haya ili msidhani safari kama hii huja yenyewe. Inapangwa kama tunavyopanga ubatizo au kipaimara. Mama akingoja hadi kazi za nyumbani ziishe ndipo apumzike, atangoja hadi siku ya kubebwa.

Kupanda mlima

Kutoka Mombo barabara inaiacha njia kuu na kuanza kupanda. Hadi Lushoto ni kama kilomita 33 tu, lakini ni kona juu ya kona, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Barabara hiyo ni ya lami, nayo ni nyembamba kiasi kwamba magari makubwa yakikutana moja hungoja lingine lipite.

Ushauri wa muuguzi ni huu. Kama wewe au mtoto wako hutapika safarini, kaeni viti vya mbele na mtazame mbele, msiiname kutazama simu wala kusoma. Kuleni kitu chepesi kabla, kama mkate mkavu au ndizi; msipande na tumbo tupu, wala msipande mmeshiba chipsi za Mombo. Wekeni mfuko mgumu usiovuja karibu, na limau la kunusa kwa wale linaowasaidia. Miezi ya masika, tangu Machi hadi Mei, mvua zikiwa kubwa mawe na udongo huporomoka barabarani, kwa hiyo ulizeni hali ya njia kabla ya kuondoka.

Katikati ya safari mtafika Soni, mji mdogo wenye maporomoko ya maji yanayoonekana kutoka barabarani. Mwenye gari lake anaweza kusimama pale. Sisi wa basi tuliyaona kwa dirishani tu, lakini nilihisi baridi ikiingia na harufu ya miti mibichi, na baba watoto akafungua dirisha lote akavuta pumzi ndefu. Karibu na Soni ndiko kuliko Vuga. Wale wanaopenda historia wajue kwamba Vuga ilikuwa makao makuu ya wafalme wa Wasambaa wa ukoo wa Kilindi, na baadaye misheni ikaweka huko kiwanda cha uchapaji kilichotoa vitabu vingi vya Kikristo. Huenda mmoja wapo umo katika kabati la mama yako.

Mji wenyewe

Lushoto ipo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani waliokuwa wakitawala wakati ule waliupenda mji huu kwa sababu ya hewa yake, wakauita Wilhelmsthal kwa jina la mfalme wao, na wakawa wanapanda huko kukimbia joto la pwani. Hadi leo utaona baadhi ya nyumba za zamani zenye kuta nene na mapaa yaliyoinuka, na miti mirefu iliyopandwa kando ya barabara.

Kwa sisi watu wa Tanga jambo la kwanza ni baridi. Miezi ya Juni, Julai na Agosti usiku ni wa sweta na blanketi mbili, na asubuhi ukungu hukaa bondeni hadi jua lipande. Bebeni soksi, sweta kwa kila mtu, na viatu vya kufunga, maana ndala hazifai kwa njia za milimani. Chandarua msikidharau. Mbu huko ni wachache kuliko pwani, lakini usiku mmoja tu njiani, hapo Mombo au Korogwe, watosha kukuletea malaria.

Tulifika alasiri ya Ijumaa, tukapata chumba katika nyumba ya wageni ya kawaida, safi, yenye maji ya moto ya ndoo. Hatukufanya lolote siku hiyo ila kutembea polepole hadi sokoni na kurudi. Nawaambieni, soko la Lushoto ni matembezi tosha. Kabichi, karoti, viazi, kolifulawa na pilipili hoho tunazonunua mijini kwa bei ya kuumiza, nyingi zinatoka katika milima hii, na malori huteremka nazo usiku kwenda Dar es Salaam. Hapo utaona pia matunda ambayo pwani ni adimu: plamu, peasi, pichesi na matunda damu, kila moja kwa msimu wake. Bibi mmoja muuzaji, nilipomwamkia "Shikamoo, mama," aliitikia "Marahaba, mwanangu," akaniongezea plamu tatu juu ya kipimo, akamwambia mume wangu, "Nawe baba, kula, hujalipia haya."

Tukala tukitembea kama vijana. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilitembea na mume wangu njiani tukiwa sambamba. Siku zote yeye huwa mbele na mimi nyuma na mtoto mgongoni.

Njia ya Irente

Jumamosi ndiyo siku niliyotaka kuwaeleza hasa. Mgeni wa Lushoto akiwa na siku moja tu, aende Irente. Ni jabali lililoko kama kilomita 5 au 6 kutoka mjini, mahali ambapo mlima unakatika ghafula na chini yake nchi tambarare inaonekana hadi macho yachoke. Unaweza kwenda kwa gari au bodaboda, lakini wengi huenda kwa miguu, nasi tuliamua hivyo. Njia inapita katikati ya mashamba ya mahindi, maharage na migomba, na nyumba za watu. Ukikutana na mtu unasalimia, na watoto hukusindikiza hadi kona inayofuata.

Akina mama wa kanisani walikuwa wametupa mzigo mdogo: sabuni, nepi za kitambaa na nguo za watoto wachanga. Katika njia hii ya Irente, Kanisa la Kilutheri, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, lina nyumba ya kulelea watoto wadogo, wengi wao wakiwa ni wale ambao mama zao hawapo, na hatukutaka kupita mikono mitupu. Ninyi mtakaokwenda, fanyeni hivi: ulizeni kwanza kama ni saa inayofaa, mkabidhi mzigo kwa wahusika, msipige picha za watoto, wala msimpe mtoto pipi mkononi. Wale ni watoto wa watu. Msiwatazame kama mnavyotazama mandhari.

Sasa sikilizeni. Mume wangu ni mtu wa kubeba. Tangu nimemjua hajawahi kuniachia mzigo njiani hata nikimwomba. Siku ile tulipomaliza kilima cha kwanza akautua ule mfuko chini, akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Kamba ilikuwa imefungwa. Nikauchukua mfuko nikauweka kichwani, naye hakunikataza. Hapo moyo wangu ukapiga.

Tukakabidhi mzigo, tukashukuriwa, tukaendelea. Kabla ya kufika jabalini alisimama mara tatu. Mara ya kwanza alisema anatazama shamba la watu. Mara ya pili alisema anamngoja mtoto mmoja apite na ng'ombe wake. Mara ya tatu hakusema kitu, alishika mti akahema. Mimi ambaye kazi yangu kila siku ni kuwafunga watu kitambaa cha kupimia presha mkononi, nilisimama pale sina kipimo, sina cha kufanya ila kumshika mkono na kuhesabu mapigo yake kimya kimya. Nilimwuliza kama kifua kinamuuma. Akasema hapana. Nilimtazama uso na usemi wake, vyote vilikuwa sawa. Tukakaa chini hadi akapumua vizuri, kisha tukaenda hatua chache zilizobaki kwa mwendo wa bibi harusi.

Juu ya jabali

Pale juu upepo ni mwingi. Shikeni watoto mikono, maana ni ukingo wa kweli. Chini kabisa unaona Mazinde na mashamba ya mkonge yaliyopandwa kwa mistari, reli ya Tanga kwenda Moshi, na barabara kuu imelala kama uzi. Malori yanaonekana madogo kama wadudu.

Baba watoto alikaa akaitazama ile barabara muda mrefu. Ndiyo ile ile tuliyopita na basi la msiba. Kisha akasema, bila kunitazama, "Mama, zile dawa niliziacha."

Nilijua ni dawa gani. Miaka mitatu nyuma alipimwa akakutwa na presha, akaandikiwa vidonge vya kila siku. Mimi mwenyewe nilivipanga kabatini. Nilipouliza aliniambia anameza, nami nikaridhika, kwa kuwa nilikuwa nimechoka na kwa kuwa jibu lake lilikuwa lile nililotaka kusikia. Kumbe aliacha tangu mwaka uliopita, miezi mingi kabla kaka yake hajafa.

Nikauliza kwa nini. Ilimchukua muda. Kwanza akasema hakuwa akisikia maumivu yoyote, kwa nini ameze dawa kila siku kama mgonjwa. Baadaye akasema lile lenyewe. Rafiki zake walimwambia vidonge vya presha humaliza nguvu za mwanamume, naye akaona kama kweli, akaogopa, akaona aibu kuniambia mimi mkewe, tena muuguzi. Akachagua kunyamaza. Ndiyo maana, wapendwa, kulikuwa na baridi chumbani kwetu mwaka mzima, na mimi nikidhani nimezeeka machoni pake.

Nililia kidogo, siwafichi. Halafu nikamshukuru kwa kuniambia. Sikumgombeza. Pale juu hakukuwa na mtoto wa kuingia, wala jirani wa kubisha hodi, wala sufuria jikoni, na simu nilikuwa nimezizima zote mbili. Nyumbani tungeanza maneno haya tusingeyamaliza. Pengine tusingeyaanza kabisa.

Tulirudi taratibu hadi shamba la Irente, ambalo pia ni la kanisa, tukakaa kivulini. Hapo hutengeneza jibini, mikate na jamu kutokana na mazao ya shamba, na mgeni anaweza kupata chakula. Baada ya kupumzika tulipanda gari hadi mjini, tukaenda kwenye kituo cha afya kumpima. Namba ya juu ilikuwa 172, na ya chini 104. Daktari alimchunguza, akamrudisha katika dawa siku ile ile, na kumwagiza akaonane na daktari wake mara tutakapofika nyumbani.

Maneno ya muuguzi

Akina mama wenzangu, naomba niyaseme haya waziwazi kwa kuwa yanavunja nyumba nyingi kimya kimya.

Presha haina kelele. Mtu aweza kuwa nayo miaka mingi asisikie kichwa wala kizunguzungu, huku ikiharibu moyo, figo na mishipa ya ubongo. Kusema "sisikii kitu" si dalili ya kupona. Vipimo vikiwa vinarudia kufika 140 kwa 90 au kupita hapo, mtu huyo anahitaji kuonana na mtaalamu. Na dawa ikishusha presha haina maana ugonjwa umekwisha. Maana yake dawa inafanya kazi.

Kuhusu lile la nguvu za kiume, ni kweli kwamba baadhi ya dawa za presha zaweza kumletea mwanamume shida hiyo, lakini si zote. Zipo aina nyingi, na daktari akielezwa anaweza kubadilisha. Tena presha yenyewe isipotibiwa huharibu mishipa, ikaleta shida ile ile mtu aliyokuwa akiikimbia. Kwa hiyo mwanamume anayeacha dawa kwa siri anaweza kukosa vyote viwili. Mume wangu alibadilishiwa dawa. Leo ni mwezi wa nane anameza kila asubuhi baada ya chai, na kipimo chake kimeshuka. Mengine ni ya kwetu wawili, ila niseme tu kwamba ile baridi imeondoka.

Na mkiwa safarini au nyumbani, mtu akishikwa ghafula na maumivu ya kifua, au akipooza upande mmoja, au mdomo ukaenda kombo, au maneno yakawa hayaeleweki, msingoje asubuhi. Msimpake mafuta wala kumlaza asubiri. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.

Na wewe mama nawe upimwe. Tunawapeleka watoto kliniki kila mwezi, na sisi wenyewe hupimwa tu tukiwa wajawazito, kana kwamba mwili wa mama una thamani ukiwa na mtu mwingine ndani.

Tulichokiacha

Jumapili asubuhi tulikwenda ibadani Lushoto, tukakaa kiti cha nyuma kama wageni. Mimi nimezoea kuwa wa kupanga viti, kupokea wageni na kuhesabu sadaka. Siku ile sikupanga chochote. Nilikumbuka kwamba Bwana Yesu naye aliwaona wanafunzi wake wamechoka, watu wakiingia na kutoka hata nafasi ya kula hawana, akawachukua kando wapumzike. Hakungoja kazi iishe kwanza.

Hatukufika msitu wa Magamba, ulio juu zaidi ya mji, ingawa ulikuwa katika mpango wetu. Wageni wenzetu wa pale nyumba ya wageni walikwenda, wakarudi na viatu vyenye matope na furaha tele. Ni hifadhi yenye miti mikubwa ya asili, ikiwemo mikulo, na mbega weusi wenye manyoya meupe mabegani wanaruka juu kwa juu. Huko mgeni hulipa kiingilio na kwenda na mwongozaji. Hatukuona pia lile ua dogo la zambarau ambalo akina mama wa nchi nyingi hulipanda kwenye vyungu madirishani. Asili yake ni misitu ya Usambara na upande wa Tanga, na mwaka 1892 ofisa mmoja wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka Ulaya, likapewa jina lake, Saintpaulia. Huku kwetu tunalikanyaga bila kulijua.

Haya yote tuliyaacha, wala sikuona hasara. Safari ya siku mbili ukiijaza mambo sita utarudi umechoka kuliko ulivyoondoka, na hutapata ile saa moja ya kukaa kimya mpaka mwenzako aseme lililo moyoni.

Kwa wale mtakaopenda kwenda

Ondokeni asubuhi mapema ili mpande mlima mchana. Bebeni dawa zenu zote za kila siku, za kutosha na siku mbili za ziada, katika mkoba wa mkononi na si kwenye buti la basi.

Mkienda Irente kwa miguu, anzeni kabla jua halijawa kali, mbebe maji, na aliye na presha, pumu, ugonjwa wa moyo au mimba kubwa apande gari. Kutembea kurudi kwa mteremko nako ni mazoezi tosha.

Mkiwa na watoto, siku ya kwanza iwe ya soko na mji, ya pili iwe ya Irente. Msiwapeleke ukingoni bila kuwashika.

Kama mwezako hataki kabisa, usigombane naye. Nenda na dada yako au mama mwenzako. Huenda mwaka ujao atauliza kulikuwaje. Nanyi wenzangu mliobaki peke yenu, msijione hamhusiki; milima haiulizi nani ana mume.

Na kama Lushoto ni mbali nanyi, kila mkoa una kilima chake. La maana ni kupanda mkiwa wawili, wazima, bila msiba wa kuwahi.

Wiki iliyopita tulipita tena Mombo, safari hii kwa harusi ya mpwa wake Same. Basi liliposimama baba watoto alishuka, akaninunulia hindi la kuchoma, akasimama na kuitazama ile milima. "Magamba bado hatujafika," akasema. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akanionyesha pakiti ya vidonge vyake, akairudisha.

Tuonane mwezi ujao, tukizungumzia kikohozi cha watoto msimu wa baridi. Mungu awalinde ninyi na nyumba zenu.